Mpango wa Atomi na Usumaku katika Misombo ya Metali yenye Magnesiamu Nyingi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo la sayansi ya metali ambalo msamiati wetu wa kila siku huelekea kulificha. Metali mbili zikiyeyushwa pamoja, twazoea kusema kwamba tumepata mchanganyiko. Chumvi na mchanga huchanganywa kwa vipimo vyovyote. Seriamu na magnesiamu, kinyume cha hayo, huungana pia kwa hesabu maalumu: kwa mfano, atomi 1 ya seriamu kwa 3 za magnesiamu, au 1 kwa 12. Kila hesabu ina fuwele ya umbo lake. Kitu cha namna hii chastahili kuitwa msombo.

Seriamu ni mojawapo ya elementi 17 ziitwazo ardhi adimu. Jina hili halina budi kufafanuliwa. “Ardhi” ni istilahi ya kale ya wanakemia kwa oksidi zisizoyeyuka majini. Tena seriamu si adimu hivyo, kwani wingi wake katika gamba la dunia wakaribiana na ule wa shaba. Neno “nyingi” nalo lahitaji uangalifu: katika msombo wa 1 kwa 3, magnesiamu huzidi kwa idadi ya atomi, lakini kwa uzani seriamu huchukua karibu theluthi mbili.

Fuwele ya msombo huo ni ya mchemraba. Atomi za seriamu hukaa penye pembe za mchemraba na katikati ya kila uso wake. Za magnesiamu hujaza nafasi zilizobaki. Kwa hiyo majirani wa karibu wa kila seriamu ni magnesiamu tupu, na seriamu mbili hutengana kwa zaidi ya angstrom 5.

Umbali huo ndio kiini cha habari yetu. Atomi za magnesiamu hazina sumaku yao wenyewe. Usumaku hutokana na elektroni za tabaka la 4f za ardhi adimu, ambazo zimefichika ndani ya atomi hata haziwafikii majirani. Huathiriana kwa kupitia elektroni huru za metali. Nadharia ya Ruderman na Kittel (1954), Kasuya (1956) na Yosida (1957) yaeleza kwamba athari hii hugeuka kulingana na umbali: mahali pengine huzielekeza sumaku mbili upande mmoja, pengine huzipinganisha. Katika msombo wetu, jotoridi likishuka chini ya Kelvin 4, sumaku za seriamu hujipanga kwa kupingana hata jumla yake ikawa sifuri.

Lanthanamu huunda na magnesiamu fuwele ya umbo lile lile, lakini haina elektroni ya 4f, wala mpango huo wa sumaku haupatikani. Yaonekana basi kwamba elektroni huleta sumaku, na nafasi huamua mwelekeo wake.

Kiswahili hutofautisha kuchanganya na kupanga: kuchanganya ni kutia pamoja, kupanga ni kukipa kila kitu mahali pake. Mwalimu akiuita msombo huu mchanganyiko, amemwondolea mwanafunzi sababu yenyewe ya usumaku anaotaka kuueleza. Twapendekeza, kwa hiyo, istilahi “msombo wa metali”, pamoja na “usumaku wa mwelekeo mmoja” na “usumaku wa kupingana”.