Kipanya Hakipimi Kazi

"Nitajuaje kama kweli anafanya kazi?" Hakuna kikao cha wakurugenzi kuhusu kufanyia kazi nyumbani ambacho nimekaa bila kuulizwa swali hili. Kabla sijajibu, kijana wa TEHAMA anafungua kompyuta mpakato kunionyesha programu ambayo kampuni imeanza kuijaribu: inahesabu mibofyo ya kibodi, inafuatilia kipanya, inapiga picha ya skrini kila baada ya dakika kadhaa, na jioni inampa kila mfanyakazi alama za bidii. Naomba niseme bila kuzungusha. Swali hilo limekosewa, na dawa hiyo ni sumu.

Anayeuliza anadhani ofisini anajua. Mwambie akueleze mhasibu aliyekaa hatua tano kutoka mlangoni kwake amekamilisha nini wiki hii. Atakujibu kwamba anawahi, ana adabu, huondoka wa mwisho. Hayo ni mahudhurio! Usuluhisho wa hesabu za benki umefungwa lini? Ni wadaiwa wangapi wamefuatiliwa? Kimya. Mfanyakazi alipohamia nyumbani hakuondoka na taarifa hizo, kwa kuwa bosi hakuwahi kuwa nazo.

Ndipo inapoletwa programu, nayo inapima vidole. Mwanasheria anayesoma mkataba wa kurasa sitini hagusi kibodi kwa saa nzima, kwa hiyo anaandikwa mtoro. Ofisa mauzo anayembembeleza mteja kwa simu naye ni mtoro. Anayebofya kutwa nzima huku ripoti haisogei ndiye anayepata alama za juu. Ni kupima shibe kwa kuhesabu mwiko umegonga sufuria mara ngapi. Na watu watakupa kile unachokipima. Vipo vifaa na programu za kutikisa kipanya mwenyewe akiwa amelala, na mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza zaidi ya wafanyakazi kumi kwa kuigiza shughuli za kibodi. Desemba mwaka huohuo, mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa binafsi, CNIL, iliitoza kampuni moja ya majengo faini ya euro 40,000. Programu yake ilihesabu dakika ambazo kibodi na kipanya vilitulia kuwa muda wa kutofanya kazi, na mamlaka ikaeleza jambo ambalo meneja yeyote angepaswa kulijua: dakika hizo zinaweza kuwa za kikao au za simu.

Wakurugenzi wa Tanzania wasidhani hayo ni ya Ulaya tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na lengo mahsusi na halali, wala asizidishe kinachohitajika. Picha ya skrini haichagui. Inanasa majibu ya hospitali, salio la benki na ujumbe wa mke. Utamweleza nini mfanyakazi huyo siku atakapouliza?

Na wasiwasi wenyewe, kwamba aliye nyumbani hafanyi kazi, umekwishapimwa. Kati ya 2010 na 2011, Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa simu 249 wa kampuni ya safari ya Ctrip, Shanghai, kwa miezi tisa. Waliofanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki walizalisha asilimia 13 zaidi, hasa kwa sababu walipunguza mapumziko na siku za ugonjwa, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Lakini kila mmoja wao alikuwa na chumba chake na intaneti ya uhakika, na jaribio lilipoisha, takriban nusu yao waliomba kurudi ofisini kwa sababu ya upweke. Jaribio la pili la kampuni hiyo, la watu 1,612, lilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024. Siku mbili nyumbani kwa wiki hazikushusha utendaji wala kupandishwa vyeo, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Mameneja walikuwa wametabiri hasara. Baada ya kuona matokeo walibadili mawazo.

Kwa hiyo fanyeni haya, na yafanyeni haraka. Kazi ya kaunta, ghala na wodi ibaki mahali pake. Mgeni kazini akae karibu na wenzake miezi ya mwanzo. Kwa wengine anzeni na siku mbili za nyumbani, na siku za ofisini ziwe zilezile kwa timu nzima, vinginevyo mtu atakula foleni ya Mbagala ili akafanye kikao cha video mezani. Kila Jumatatu kila mtu aandike vitu vitatu atakavyokabidhi, Ijumaa mvikague. Lipieni bando. Wekeni mpango wa dharura: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba kwa siku kadhaa. Kikomo cha kisheria cha saa 45 za kawaida kwa wiki hakifutwi na sebule, kwa hiyo anayetumiwa kazi kwa WhatsApp saa nne usiku ahesabiwe saa za ziada. Baada ya miezi mitatu, angalieni kilichokabidhiwa na walioacha kazi, kisha ongezeni au punguzeni siku.