Sumaku, Dhahabu na Kipande cha Chuma Jichoni: Kwa Nini Mchimbaji Aulizwe Kazi Yake Kabla ya Kipimo cha MRI

Katika mialo ya Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, na vilevile Kakola, upande wa Kahama mkoani Shinyanga, mchimbaji mdogo amalizapo kuosha mchanga wake hubakiwa na masalia mazito yenye dhahabu ndani yake. Wachimbaji wengi hupitisha sumaku juu ya masalia hayo. Mchanga mweusi na unga wa chuma uliomeguka kutoka kwenye karasha hurukia sumaku na kuganda. Dhahabu hubaki palepale. Hakuna anayeshangaa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Hata hivyo, jambo hilo lililozoeleka mwaloni ndilo linaloamua, ndani ya chumba cha MRI, nani yu salama na nani aweza kutoka akiwa amepoteza jicho. Makala haya yanaeleza sababu yake, kisha yanawaomba watumishi wa afya wasisahau swali moja, na wagonjwa wasifiche jibu lake.

Kwa nini chuma huvutwa na dhahabu haivutwi

Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ina elektroni. Kila elektroni ni mfano wa sumaku ndogo mno. Katika vitu vingi sumaku hizo hupangika kwa namna ya kufutana nguvu. Katika chuma, kobalti na nikeli mambo ni tofauti: elektroni za atomu jirani huelekea upande mmoja kwa makundi makubwa, na kundi zima likikaribiwa na sumaku hugeuka na kuvutwa kwa nguvu. Mchanga mweusi nao una chuma ndani yake, ndiyo maana hufuata sumaku.

Dhahabu, shaba, fedha na zebaki hazina mpangilio huo. Kwa kweli husukumwa na sumaku, ingawa kwa nguvu ndogo kiasi kwamba mkono hauwezi kuihisi. Lakini metali hizi zina sifa nyingine ambayo daktari hapaswi kuipuuza: elektroni zake hutembea kwa urahisi, hivyo hupitisha umeme. Sifa hiyo tutairudia.

Sumaku isiyozimika

Mashine ya MRI haitumii mionzi kama ya eksirei. Hutumia sumaku kubwa pamoja na mawimbi ya redio kupiga picha za ubongo, uti wa mgongo, maungio na viungo vingine. Mashine nyingi zina nguvu ya tesla 1.5. Uga wa sumaku wa dunia hapa kwetu ni takriban sehemu 33 za milioni ya tesla moja. Kwa hiyo mashine hiyo inaushinda kwa zaidi ya mara 40,000.

Nguvu hiyo hutokana na mkondo wa umeme unaozunguka ndani ya koili. Kama koili ingekuwa ya waya wa kawaida wa shaba, elektroni zingekuwa zikigongana njiani, waya ungepata joto kali, na umeme mwingi ungepotea bure. Dawa yake ilipatikana mwaka 1911 mjini Leiden, Uholanzi. Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki, metali hiyo hiyo ambayo wachimbaji wetu huitumia kukamatia dhahabu, hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo ukinzani wa umeme ulitoweka kabisa. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza sababu: elektroni hujiunga mbili mbili na kwenda kwa pamoja bila kupoteza nishati.

Mashine za leo hazitumii zebaki. Koili zake ni za aloi ya niobiamu na titaniamu, na nyingi zimezamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye baridi kama ile ya Leiden. Mkondo ukishaingizwa katika koili, huendelea kuzunguka wenyewe bila kulishwa umeme.

Hapa pana fundisho kwa kila mtumishi wa hospitali, kuanzia daktari hadi mfanya usafi na fundi: umeme ukikatika, taa zikazimika na mashine ikanyamaza, sumaku ingali inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtungi wa oksijeni ulioingizwa katika chumba cha MRI ulivutwa na sumaku ukamgonga mtoto wa miaka 6 aliyekuwa akipimwa, akafariki. Mtungi, kiti cha magurudumu, mkasi wala ndoo yenye mpini wa chuma visivuke mlango huo, usiku wala mchana, mpaka mtaalamu wa chumba hicho athibitishe kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya MRI.

Kipande kidogo kilichosahaulika

Hatari inayowahusu zaidi watu wa ukanda wetu wa madini ni ndogo kwa umbo. Mtu apigapo mwamba kwa nyundo na tindo, cheche ya chuma huweza kuruka na kuingia jichoni. Tundu lake huwa dogo mno, maumivu huisha, naye husema ni vumbi tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mafundi wa kuchomelea, wa kusaga vyuma na wa kutengeneza makarasha. Miaka inapita, kipande kingali ndani.

Mtu huyo akiingizwa kwenye MRI, kipande huweza kugeuka au kusogea, kikachana retina na kusababisha damu kuvuja ndani ya jicho. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya mfanyakazi wa mabati aliyepofuka jicho moja kwa njia hiyo. Hata bila MRI, chuma kilichobaki ndani ya jicho hutoa kutu inayoweza kuua uwezo wa kuona polepole.

Swali la kuuliza

Mtumishi wa afya uandikaye rufaa, usiishie kuandika “mkulima” kwa sababu ndivyo kadi ya zamani inavyosema. Wengi hulima masika na kuingia maduarani kiangazi. Uliza: “Umewahi kuchimba, kuponda mawe, kuchomelea au kusaga vyuma? Umewahi kuingiwa na chuma jichoni, hata kama kilitolewa?” Jibu likiwa ndiyo katika swali la pili, jicho lipigwe eksirei kwanza, au CT-Scan shaka ikibaki. Kipande kikionekana, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa macho, na kipimo kingine kifikiriwe badala ya MRI.

Swali hilo lina faida ya pili. Mchimbaji anayetetemeka mikono na kusahausahau anaweza kuwa ameathiriwa na mvuke wa zebaki alipokuwa akichoma dhahabu. Picha ya MRI peke yake haitathibitisha sumu hiyo. Kipimo cha mkojo kinahitajika. Asiyeuliza kazi ya mgonjwa huweza kukosea mara mbili.

Uliza pia, kwa heshima na faraghani, kuhusu hirizi, shanga na bangili. Bangili ya shaba au pete ya dhahabu haitarushwa na sumaku, lakini kwa kuwa hupitisha umeme, mawimbi ya redio huweza kuzalisha mkondo ndani yake na kuunguza ngozi. Vyote vivuliwe.

Nawe mgonjwa, kama una chuma cha kuungia mfupa, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au kibanio katika mshipa wa ubongo, sema, na uje na karatasi za upasuaji. Vyuma vingi vya mifupa, hasa vya titaniamu, havizuii kipimo. Vifaa vingine huzuia kabisa, na macho hayawezi kuvitofautisha. Usijipime nyumbani kwa sumaku ya mwaloni: kipande kilichojificha ndani ya jicho kinaweza kisikupe dalili yoyote kwa sumaku hiyo dogo, kisha kikasogea mbele ya ile kubwa.

Wengine huficha kazi ya uchimbaji kwa kuwa hawana leseni, au kwa kuhofia kukemewa kuhusu zebaki. Fomu ya usalama ya MRI haiulizi leseni. Inauliza kuhusu chuma, na jibu la kweli hulinda macho yako.