Kamalondo, Mtaa Uliojiandikia Habari Zake

Wanafunzi wengi wa Kongo hujua mwaka ambao mji wao ulianza kujengwa, na jina la mkubwa wa serikali aliyeamuru ujengwe. Waulize ni nani waliokanda udongo wa matofali, watanyamaza. Katika Lubumbashi jambo hili ni tofauti kidogo, na sifa yake yawaendea watu wa namna ya wale waliokaa katika mtaa mdogo ulio kusini mwa mji, uitwao Kamalondo. Zamani uliitwa Albert, kwa jina la Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1910, wakati Meja Emile Wangermée alipokuwa mkubwa wa Katanga. Mwaka huo huo reli iliyotoka Rhodesia ilifika. Mji ukapewa jina la Malkia Elisabeth, ukaitwa Élisabethville hata mwaka 1966, uliporudishiwa jina la mto wake, Lubumbashi. Tarehe 30 Juni 1911 tanuru la Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Lakini tanuru halijiwashi lenyewe, wala reli haijilazi chini yenyewe. Watu wakatafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, Luapula, Lomami, Kasai, na baadaye, tangu miaka ya 1920, Rwanda na Burundi.

Hapa yatupasa kutofautisha. Wafanya kazi wa Union Minière walikaa katika kambi za kampuni: nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, zahanati ya kampuni, na jicho la kampuni pia. Watu wa Albert walikuwa wengine. Hao walikuwa wapishi na wafua nguo wa Wazungu, mafundi cherehani, maseremala, waashi, makarani, wachuuzi wa unga na samaki wakavu. Kama kazi ilikwisha, hakuna aliyewapa posho. Walijitegemea, nao walijua gharama ya kujitegemea.

Kwanza Waafrika hao walikaa karibu na mji wa Wazungu. Mwaka 1921 wakahamishwa kuelekea kusini, zikapimwa barabara zilizonyoka, na kati ya miji hiyo miwili ukaachwa uwanda mtupu wa mita mia kadhaa. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: ilisemwa ya kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo. Tena, tangu saa tatu ya usiku, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana katika mji wa Wazungu pasipo barua ya ruhusa. Mpishi aliyeoka mkate wa bwana asubuhi, na yaya aliyembeba mtoto wake mchana kutwa, hawakuogopwa na mtu. Ilipofika usiku ndipo walipohesabiwa pamoja na mbu.

Basi ng'ambo ya uwanda ule watu wakaanza maisha ambayo hakuna afisi iliyoyapanga. Kila mwenye nyumba alikuwa na lupango lake, ndiyo kusema kiwanja chenye ua, nyumba mbele na vyumba vidogo nyuma. Katika vyumba vya nyuma alikaa ndugu aliyetoka kijijini, kisha mpangaji, kisha mpwa aliyekuja kutafuta shule. Mluba wa Kasai alipakana na Mbemba, na Mbemba na Msonge. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa walio wengi wao. Kilikuwa kimefika Katanga kwa njia ya misafara ya biashara ya mashariki, tangu enzi ya Msiri wa Bunkeya, nacho kikawa lugha ya kazi, kisha lugha ya sokoni, na mwishowe lugha ya kumbembelezea mtoto. Wasomi wa pwani hucheka wakisikia Kiswahili cha Lubumbashi. Na wacheke, lugha hiyo imewapatanisha majirani wengi.

Mapadri Wabeneditini walifungua shule kwa watoto wa mji. Katika shule yao ya Saint-Boniface, mwaka 1939, wakawaundia vijana wa skauti timu ya mpira iitwayo Saint-Georges. Nani angaliwaza? Timu ile ilibadili majina mara kadhaa, ikawa Englebert, kisha TP Mazembe. Ilitwaa kombe la Afrika la vilabu bingwa mwaka 1967 na 1968, tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwisho wa mwaka 2010 ilifika fainali ya dunia, ikashindwa na Inter ya Milano. Uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 2011, uko Kamalondo.

Lakini uwanja wa mpira wakumbusha na jambo lingine katika mji huu. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipokuwa zimepanda na kazi ya shaba imezidishwa, wafanya kazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Idadi ya waliokufa yabishaniwa hata leo.

Ujirani nao ulijaribiwa. Uchaguzi wa kwanza wa komuni ulifanyika Desemba 1957. Waafrika waliowekwa kuwa wakuu wa komuni za mji wote walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga, hasa Kasai. Wenyeji wakaona uchungu, na mwaka 1958 kikazaliwa chama cha Conakat. Tangu hapo swali la «wewe wa wapi?» likaingia hata katika malupango ambamo watu walikuwa wamekopeshana chumvi miaka 30. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji. Mwaka 1992 na 1993 swali lilirudi: watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, wakangoja treni siku nyingi katika stesheni, na wengi wakafa humo. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga. Kasai waliisikia kwa wazazi tu.

Nimesema kwamba hapa mambo ni tofauti. Mwaka 1965 lilitokea andiko dogo lililopigwa kwa mashine, lenye jina la Kifaransa, «Vocabulaire», yaani orodha ya maneno ya mji wa Élisabethville. Kwa kweli si kamusi, ni historia. Mwandishi wake, André Yav, alikuwa amefanya kazi ya nyumbani kwa Wazungu, na walioagiza liandikwe ni chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Liliandikwa katika Kiswahili cha Lubumbashi jinsi kinavyotamkwa. Mwalimu angeijaza kurasa wino mwekundu, naye angekosea kufanya hivyo. Humo mji waelezwa kwa upande wa jikoni: kazi za watumishi na taabu zao, mishahara, majina ambayo watu waliwapa Wazungu bila wao kujua. Mtaalamu Johannes Fabian alilichapa pamoja na maelezo mwaka 1990, na hivi sasa lasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Wengine walitumia rangi. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za Katanga zilitundika sebuleni picha zilizochorwa juu ya magunia ya unga. Watu waliziita ukumbusho: mfungwa apigwaye fimbo mbele ya bendera ya Ubelgiji, Lumumba akikamatwa, uwanja wa 1941. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi katika picha kama 100, akamwelezea Fabian moja moja kwa Kiswahili. Tangu mwaka 1981 hivi hakuna aliyejua habari zake tena.

Tangu mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya masimulizi ya wazee wa mji na kufanya maonyesho. Wazee waliobaki ni wachache. Mwanafunzi aliye na bibi Kamalondo asingoje wataalamu; achukue daftari, amwulize lupango lilinunuliwa lini, kwa fedha ya kazi gani, na nani alilala katika vyumba vya nyuma.