Fimbo Moja Mombasa, Fimbo Moja Chepkoilel

Chepkoilel, kiasi cha kilomita 9 kutoka mjini Eldoret kwa njia ya Ziwa, ni mahali palipobadili majina mara nyingi. Mwaka 1946 walowezi wa Kizungu walipafanya chuo cha kufundishia wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakageuzwa chuo cha walimu wa sayansi, mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kikapachukua, na mwaka 2013 pakawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Majina yamepita, lakini kazi ya kumtoa mwalimu wa sayansi imebaki.

Basi kijana wetu wa Pwani anayesomea ualimu huko, akifika pa kuandika tasnifu yake ya mwisho, aandike nini?

Wenzetu Wakristo wana shule zinazofuata mtaala wa kale, na huko Marekani zimefufuka kwa wingi katika miaka hii ya karibuni. Mtaala huo una fani saba. Tatu ni za lugha: sarufi, mantiki na balagha. Nne ni za hesabu: hisabati, jiometri, muziki na falaki. Nyingi ya shule hizo humtaka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike tasnifu na kuitetea mbele ya watu. Mmoja wao akichagua kuchunguza jinsi sayansi ilivyofundishwa katika mtaala huo, hatakwenda mbali kabla ya kukutana na Waislamu. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona alikaa Toledo, Hispania, akakifasiri kitabu cha falaki cha Ptolemy kutoka Kiarabu hadi Kilatini. Na neno aljebra limetoka katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za Khalifa al-Maamun.

Sasa, msomaji mtukufu, tuangalie ndani ya kitabu hicho. Sehemu yake kubwa ni masuala ya wasia na mirathi. Mtu amekufa, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke ana thumni; inayosalia, mwana wa kiume hupata mara mbili ya mwenzake wa kike. Gawa mafungu 24: mke 3, mwana wa kiume 14, wa kike 7. Hayo ni masomo ya faraidhi kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ni masomo ya sehemu kwa mwalimu wa skuli. Mtoto ni yule yule, lakini asubuhi huambiwa hili ni somo la dunia, na jioni huambiwa lile ni la dini, wala hakuna wa kumwonyesha kuwa hesabu ni moja.

Falaki nayo ni hivyo hivyo. Alasiri kwetu Mashafii huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Haya, chomeka fimbo ya mita 1 Mombasa na nyingine kama hiyo Chepkoilel, mwezi wa Machi, siku usiku na mchana vinapolingana. Jua linapofika juu kabisa, kivuli cha Mombasa kitakuwa sentimita 7 hivi, cha Chepkoilel kama sentimita 1, kwa kuwa Chepkoilel iko karibu mno na Ikweta. Tena adhuhuri ya Eldoret huja kiasi cha dakika 17 baada ya ile ya Mombasa, kwa kuwa Eldoret iko magharibi yetu. Mtoto akipima mwenyewe, umbo la dunia na mzunguko wake atakuwa ameuona kwa jicho lake.

Lakini hapa pana hatari. Tasnifu ya kujisifia mababu ni nyepesi kuandika, na haimsaidii mtoto hata mmoja. Kutaja al-Khwarizmi si kufundisha hesabu. Mwandishi na achukue madarasa mawili yenye kulingana. Moja afundishe sehemu kwa kitabu cha skuli peke yake, la pili aanzie mirathi. Kisha awatahini wote kwa mtihani mmoja. Ikiwa darasa la mirathi halikushinda, na aandike hivyo hivyo bila kuficha. Wanafalaki wetu wa kale walipimana na kusahihishana, na hata Ptolemy hawakumwachia alipokosea.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah lililotoka Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasiiache elimu ya kisasa. Wengi walimsikia, wakawapeleka watoto skuli. Iliyobaki ni kumpata mwalimu atakayezifungamanisha elimu mbili hizo ndani ya kichwa cha mtoto mmoja, na mwalimu huyo yawezekana yuko Chepkoilel hivi sasa, akitafuta la kuandika. Mzazi mwenye kijana huko, mwandikie.