Freni ya mbele njo inaokoa: ujue ugonjwa wake mbele ya kushika njia

Ku kampani ya machimbo, shofere wa kamyo kubwa haondoki mbele ya kuizunguka na kujaribu freni. Freni ikiwa mubaya, kamyo inalala. Lakini posti ikiisha, mufanyakazi yule yule anapanda pikipiki, anashika njia ya Kipushi, ya Likasi ao ya Kasumbalesa, katikati ya makamyo yenye kubeba shaba na asidi, na hakuna mutu aliyeuliza kama pikipiki ile inaweza kusimama.

Tukizungumuza na wandugu, neno moja linarudia kila mara: "Freni ya mbele inaangusha mutu." Juu ya ile woga, wengine wanaregeza kable yake, wengine wanaitosha kabisa. Ni kujitafutia kifo. Ukifunga freni, uzito wa pikipiki na wako unakimbilia mbele. Mupira wa mbele unakamata barabara kwa nguvu, ule wa nyuma unakuwa mwepesi na unateleza. Ku gudroni kavu, freni ya mbele inafanya zaidi ya nusu ya kazi. Na ujue: ku kilometre 60 kwa saa, unapita karibu metre 17 kila segonde. Kinachoangusha ni kuikamata kwa gafula, ao juu ya muchanga, ao wakati umelalisha pikipiki mu kona. Ifinye kwa vidole, ukiongeza nguvu pole pole.

Kwanza angalia iko ya namna gani. Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu ziko na tamburi mbele, yenye kuvutwa na kable. Zingine ziko na disiki, yenye kusukumwa na mafuta ya freni. Magonjwa hayafanane.

Mukono unaingia sana

Kwa tamburi, kable imeregea ao garnitiri zimekwisha. Kaza ile buloni ya ku mwisho wa kable, karibu na gurudumu, mpaka ncha ya mukono inacheza santimetre moja ao mbili tu mbele ya freni kuanza kukamata. Kiisha zungusha gurudumu: lazima litembee bila kusuguliwa. Kama kuna kamushale ku tamburi na kamepita alama yake wakati unafinya freni, garnitiri zimekufa. Usikubali fundi ahamishe kale kachuma kenye kuvutwa na kable ili ipate kukaza tena: anakuficha ugonjwa.

Kwa disiki, mukono wenye kulegea sawa sponji, wenye kupata nguvu ukiupampu mara nyingi, unasema hewa imeingia mu mafuta. Lazima kuitosha. Kama unashikilia mukono na unashuka pole pole wenyewe, mafuta yanapotea fasi fulani, ao kapira ka ndani ya pampu ya ku mukono kamechoka. Ile pikipiki isitembee.

Mafuta yakishuka mu kikopo, usiongeze tu. Angalia plaketi: zikikwisha, mafuta yanashuka. Kama plaketi ni nzuri, tafuta fasi yanavuja. Tia aina yenye kuandikwa ku kifuniko, DOT 3 ao DOT 4. Usitie hata siku moja mafuta ya motere: yanavimbisha vipira vya ndani, na freni inakufa yote. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewa. Kila miaka miwili yabadilishwe.

Mukono ni mugumu lakini pikipiki haisimame

Hapa kuna mafuta ao grisi ku fasi ya kusugua. Angalia furshe: joenti yake ikichoka, mafuta yanateremuka mpaka ku disiki. Plaketi ao garnitiri zenye kunywa mafuta zinabadilishwa. Kuzichoma na esanse hakuziponyeshe. Wakati wa mvua, tamburi ikipita mu maji inaweza kukosa nguvu. Tembea pole pole ukifinya kidogo mpaka ikauke.

Makelele, kutetemeka, kushikana

Kulia kidogo wakati wa vumbi kunaweza kuisha ukisafisha. Lakini sauti ya chuma juu ya chuma inasema plaketi zimekwisha, na kila kilometre inaharibu disiki yenye bei. Mukono ukipiga-piga mu vidole, disiki imepinda ao tamburi haiko tena muviringo. Ukifinya freni pikipiki ikisimama, ukaisukuma mbele na nyuma, ukasikia "ko ko", biye za gido zimeregea. Pale freni haina kosa.

Gurudumu likibaki limeshikwa kiisha kuachia mukono, pistoni imejaa vumbi, ao kable imeshika kutu. Esanse itakwisha mbio, na freni itapata moto mpaka kupoteza nguvu. Usiguse disiki na kidole: mwangia tone la maji, likiruka na mvuke, umepata jibu.

Kujaribu kote huku kunaomba dakika mbili. Kufanye mbele ya posti, na tena mbele ya kurudi.

Kwa upande wa haki: sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ya usalama wa jamii inahesabia ajali ya ku njia, kati ya nyumba na kazi, kuwa ajali ya kazi, kama mutu hakuacha njia kwa mambo yake mwenyewe. Ikitokea, mujulishe mwajiri na delege wa sendika mbio, ili faili ifike ku CNSS. Wandugu wenye kuwa mu komite ya usalama na usafi ku kazi, ombeni basi za kusafirisha ekipi ya usiku. Na kampani yenye haina basi, itoe fundi mara moja kwa mwezi pale ku parkingi ya pikipiki. Plaketi mupya ni bei kidogo kuliko siku moja ya hospitali.