Besi na Kiota Chake

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo limezungukwa na milima: mashariki Nyandarua, magharibi Mau, na kusini Longonot, mlima uliotema moto zamani. Asubuhi kuna baridi kali, hivyo wazazi wasisahau sweta za watoto. Huko ndiko tulikokwenda mwisho wa juma, sisi na mama watoto pamoja na watoto wetu watatu, ili kumvua samaki aitwaye besi.

Besi si mwenyeji wa ziwa lile. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, ili watu wamvue kwa mchezo. Mdomo wake ni mpana, hufika nyuma ya jicho, na ubavuni ana mstari mweusi. Huwinda kwa macho. Maji yakiwa na matope, hana ujanja. Na siku hizi yametibuka sana, kwa sababu samaki mwingine mgeni, karpu, aliyeonekana ziwani yapata mwaka 2001, hufukua matope akitafuta chakula. Basi wavuvi hupata karpu wengi na besi wachache.

Jumamosi tuliingia mashuani pamoja na mvuvi mzee wa pale. Alitukataza kabisa kushuka majini, maana viboko ni wengi, na kiboko hana mzaha. Tulivua tangu alfajiri hata jua likawa utosini, pasipo kupata kitu. Ndipo mwana wetu wa kwanza alipotupa ndoana karibu na mafunjo, mshipi ukakazwa, naye akamvuta besi mnene mno. Alipiga kelele za furaha. Mama watoto alikwisha kutaja vitunguu na nyanya.

Mzee akamshika yule samaki, akambonyeza tumbo polepole, yakatoka maji meupe kama maziwa. Akasema, "Mwalimu, huyu ni dume, na pale ndipo penye kiota chake."

Akatueleza kwamba dume ndiye achimbaye kiota kwa mkia wake. Jike akiisha kutaga huenda zake. Dume hubaki akiyapepea mayai, tena huwalinda vifaranga. Akiondolewa, kamba wa maji baridi na samaki wengine huja wakala wote.

Binti yetu akauliza, "Lakini Mzee, si huyu ndiye mgeni aliyewala wenyeji?" Swali hilo si la kitoto. Palikuwako samaki mdogo wa asili ya Naivasha, asiyepatikana penginepo, naye hakuonekana tena tangu mwaka 1962. Mzee akajibu, "Wa zamani hawarudi, mwanangu. Wajukuu wangu wanasoma kwa samaki hawa."

Tulimwambia mwana wetu kwamba samaki ni wake, na shauri ni lake. Alimtazama mama yake, akatutazama sisi. Kisha akamtelemsha majini upesi, pale pale alipomtoa, akageuka kutazama Longonot ili tusimwone uso.

Jioni tulinunua karpu ufukoni. Miba yake ilikuwa mingi, hata mdogo wetu akala ugali kwa mchuzi mtupu. Mkubwa hakunena neno mpaka aliposhiba. Ndipo akauliza mayai ya besi huanguliwa kwa siku ngapi. Tukamwambia, "Chache tu, maji yakiwa na joto."