Usiliuze kwa kilo kabla hujalisoma: namna ya kutambua magari na pikipiki za vita

Mwezi uliopita, baada ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu Kisauni alinigongea mlango. "Shikamoo ami. Njoo unitazamie kitu kabla watu wa vyuma hawajaja kesho." Nikavaa makubadhi nikamfuata hadi uani kwao. Chini ya makuti na mabati mawili mabovu kulikuwa na pikipiki, au tuseme kilichobaki cha pikipiki. Matairi yameoza, kiti hakipo, tangi limetoboka. Marehemu babu yake, Allah amrehemu, aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba kabla ya uhuru, na kila Idi alikuwa akiwaambia wajukuu kwamba hiyo ni pikipiki ya vita vya Mjerumani. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa ameahidi shilingi 35 kwa kilo.

Mimi nilisomea ufundi wa magari hadi stashahada, si mtaalamu wa makumbusho. Ila miaka ya kushika spana imenifunza kwamba mzee anaweza kusahau, muuzaji anaweza kudanganya, lakini namba iliyogongwa kwenye chuma haina sababu ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nikaomba tochi, kitambaa na mafuta ya taa. Nikasugua ubavu wa kushoto wa injini, pale chini ya silinda. Polepole zikajitokeza herufi: WM20, kisha tarakimu zake.

M20 ni pikipiki ya BSA, kampuni ya Birmingham iliyoanza kwa kutengeneza bunduki. Ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. W iliyotangulia ndiyo habari yenyewe, kwa sababu ilitiwa kwenye zile zilizotengenezwa kwa agizo la jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. M20 ya raia haina W. BSA walitoa pikipiki hizi zaidi ya 120,000 kwa ajili ya vita, za silinda moja, sisi 496, nzito na pole, lakini haziogopi matope wala petroli mbovu.

Kwa hiyo babu alisema kweli kuhusu vita, akakosea ni vita vipi. Wazee wetu wakisema vita vya Mjerumani huwa wanakusudia vile vya 1914, vile vilivyofika Taveta na mlima wa Salaita. Katika vita hivyo mzigo mwingi ulikwenda juu ya vichwa vya watu, kwa sababu mbung'o waliua farasi na nyumbu, na barabara za magari zilikuwa chache. Majina ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam yalibaki kutokana na wapagazi wale. Pikipiki na magari ya wakati huo yalikuwepo, ila ukiambiwa chuma kilichoko uani kwa jirani ni cha 1914, anza kwa kutoamini.

Vya vita vya pili ndivyo unavyoweza kuvikuta. Mwaka 1940 na mwanzo wa 1941 Kenya ilijaa majeshi: askari wa KAR, wa Nigeria, wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, na wa Afrika Kusini, wote wakijiandaa kuwatoa Waitaliano Somalia na Ethiopia. Kismayu ilitekwa Februari 1941, Mogadishu mwezi huo huo, Addis Ababa Aprili 6. Safari ndefu namna ile haikwendwa kwa miguu peke yake. Mwaka uliofuata Wajapani waliposhambulia Ceylon, meli za kivita za Uingereza zikahamia Kilindini, na hata shule ya Allidina Visram ikachukuliwa na wanajeshi, humo ndani wakakaa watu wa kufumbua barua za siri za Wajapani. (Waliosoma pale wengi hawajui hili. Waambieni.) Vita vilipokwisha, magari mengi hayakurudi kwao. Yaliuzwa kwa walowezi, kwa wafanyabiashara, kwa wenye mashamba ya mkonge, yakabeba mizigo hadi yalipochoka, kisha injini zikang'olewa kuvuta maji na kusaga mahindi.

Rudi kwenye pikipiki. Jeshi la Uingereza lilikuwa na aina kadhaa, na ukishajua kutazama hazikuchanganyi. Tazama mbele kwanza, vile vyuma vinavyoshika gurudumu. BSA M20 na Norton 16H za vita zina foki za zamani: fremu ya vyuma iliyounganishwa kwa viungo, na springi moja kubwa katikati, chini ya usukani. Matchless G3/L ina mirija miwili laini yenye mafuta ndani, kama pikipiki za leo, na askari waliipenda kwa sababu hiyo. Kisha tazama kichwa cha injini. BSA na Norton hizo vali zao ziko pembeni, hivyo kichwa ni bapa, kama sufuria iliyofunikwa. Matchless vali ziko juu, kwa hiyo utaona mrija unaopanda ubavuni mwa silinda. Ukikuta M20 yenye foki za mirija, uliza maswali. Ama ni ya miaka ya baada ya vita, kwani BSA waliendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1950, ama imeunganishwa kwa vipande vya pikipiki mbili. Hapo ndipo ile W inapokata maneno.

Jambo moja linawapotosha hata mafundi. Namba ya injini na namba ya fremu za BSA za wakati ule hazikufanana hata zilipotoka kiwandani. Nimewahi kumsikia dalali akimwambia mwenye mali kwamba pikipiki yake "imechezewa" kwa kuwa namba hazilingani, ili amshushie bei. Usikubali. Kwa Harley-Davidson ya vita ndiyo usiseme: fremu haikuwa na namba kama ya injini kabisa, na injini za WLA zilizotengenezwa kuanzia 1942 hadi mwisho wa vita zote zimeandikwa 42WLA. Anayekuambia yake ni ya 1944 kwa kuwa kasoma namba hiyo, hakusoma.

Sasa gari ambalo kila mtu Pwani anadai babu yake alikuwa nalo: Jeep. Kwetu gari lolote fupi lenye mlango wa turubai linaitwa gari la vita. Mengi ni Land Rover, na Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Aprili 1948, karibu miaka mitatu baada ya vita kwisha. Njia rahisi ya kuthibitisha ni sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo mabati mengi ya Land Rover yalitengenezwa kwa alumini. Sumaku itaanguka. Kwenye Jeep ya vita itanata, maana mwili wake ni chuma.

Sumaku ikinata bado hujamaliza, kwa sababu Willys waliendelea kutengeneza Jeep za raia kuanzia 1945, na India wakaunganisha za kwao chini ya jina la Mahindra. Hesabu nafasi za wazi za wavu wa mbele. Jeep ya vita ina tisa, na taa zake zimeingia ndani nyuma ya wavu. Ya raia ina saba, na taa kubwa zimejitokeza usoni. Ya vita haina mlango wa nyuma, tairi la akiba limening'inia nyuma, na mdomo wa kutilia petroli umefichwa chini ya kiti cha dereva. Ya raia ina mlango wa nyuma na hutiwa petroli kutoka nje. Ile yenye boneti refu kwenda juu kama kifua cha jogoo ni aina ya CJ-3B, ya 1953 na kuendelea. Nzuri kwa kazi, ila haikuona vita vya Hitler.

Kuna kitu kinachonifurahisha kwenye Jeep ya vita kila nikikikumbuka. Taa zake za mbele zimefungwa kwa bawaba. Unafungua nati moja, unaigeuza taa ikatazama nyuma, inamulika injini usiku fundi akifanya kazi. Mhandisi aliyewaza hivyo alikuwa amewahi kulala porini na gari bovu.

Jeep zenyewe zilitengenezwa na kampuni mbili, Willys na Ford, jumla zaidi ya 600,000. Kuzitenganisha, inama utazame chuma kinacholala mbele ya rejeta kuunganisha pande mbili za chesi. Kikiwa mviringo kama bomba, hiyo ni chesi ya Willys. Kikiwa cha pembe nne, ni ya Ford. Ford nao walikuwa na wivu wa mali yao, wakagonga herufi F kwenye vipuri na hata vichwa vya bolti. Ukikuta F mbili tatu kwenye chesi ya bomba usishtuke. Mafundi wa jeshi walichomoa hapa wakatia pale bila kuuliza jina.

Malori nayasema kwa ufupi kwa kuwa mengi yameshakatwa. Kanada peke yake ilitoa magari ya kijeshi zaidi ya 800,000, karibu nusu yao yakiwa ya muundo mmoja uliotengenezwa na Ford na Chevrolet: pua fupi iliyobanwa, usukani kulia, na yale ya baadaye kioo cha mbele kimeinama, juu kikitokeza mbele kuliko chini. Ukikuta kichwa cha namna hiyo kwenye shamba la mkonge, kimetumika banda la kuku, si kichwa cha lori la kawaida. Injini ya silinda nane ni Ford, ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni Chevrolet.

Kisha kuna alama za mwenye mali. Jeshi la Uingereza liligonga mshale wenye mistari mitatu inayokutana juu, kama wayo wa kuku. Mshale huo ukiwa ndani ya herufi C ni wa Kanada, ndani ya U ni wa Afrika Kusini. Na chini ya tabaka za rangi huwa kuna namba ya jeshi iliyopakwa kwa mkono: L kwa malori, C kwa pikipiki, M kwa magari madogo. Hii ndiyo sababu nawasihi vijana wasikimbilie mashine ya kusaga rangi. Tumia msasa wa maji, tabaka moja moja, na upige picha kila hatua. Ukishaondoa rangi ile umeondoa cheti cha kuzaliwa. Vibati vipya vya kubandika vinauzwa mtandaoni, kwa hiyo kibati kinachong'aa kwenye gari lililoshika kutu kisikuvute, namba iliyogongwa ndani ya chuma ndiyo ya kutegemea.

Tahadhari mbili za roho. Rimu nyingi za magari haya ni vipande viwili vilivyoshikwa kwa nati zilizozunguka kati. Usiguse nati hizo tairi likiwa na upepo hata kidogo, maana rimu hupasuka ikaua. Na ukiwa upande wa Taita Taveta ukakuta kitu kama chupa ya chuma ardhini karibu na mabaki ya vita, usikiokote wala usikigonge. Weka alama, ondoka, waambie polisi.

Nirudi kwenye zile shilingi 35. M20 ina uzani wa kilo 170 hivi, kwa hiyo kijana angepata shilingi zisizofika elfu sita, na kesho yake ingekuwa imekatwa. Sheria isingemzuia mtu. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Chochote cha vita vyote viwili kimebaki nje ya mstari huo, isipokuwa waziri akitangaze rasmi kuwa kinalindwa. Sheria ya vyuma vikuukuu ya 2015 inataka mfanyabiashara awe na leseni, na Januari 2022 biashara hiyo ilipopigwa marufuku kwa muda, waliofikiriwa walikuwa milingoti na nyaya za umeme. Hakuna aliyeiwaza pikipiki ya babu.

Mimi naona si lazima tungoje sheria mpya. Kaunti zetu zina maafisa wa utamaduni, na Mombasa ina Fort Jesus. Daftari moja la kuandikisha vyuma hivi, picha, namba, na jina la mwenye mali akipenda, lingegharimu chini ya karamu moja ya uzinduzi. Mwenye mali abaki na mali yake. Akitaka kuuza auze, lakini ajue anauza nini, na sisi wengine tujue kilikuwepo.

Kijana hakuuza. Jumapili tuliukwangua mkingamatope wa nyuma kwa msasa wa maji, tukapita kijani, nyeusi, kijani tena, hadi ikatokea herufi C na tarakimu tano zinazosomeka. Nyingine zimeliwa na kutu. Namba ya injini tumeiandika, tunatafuta klabu ya wamiliki huko Uingereza ya kututolea tarehe yake kutoka rekodi za kiwanda. Mamake kijana ametupa hadi Ramadhani, baada ya hapo anataka ua wake.